Mwongozo Kamili wa Kununua Lofti ya Kifahari Katika Mtaa wa Kale wa Jiji

Matangazo ya lofti za kifahari, yaani nyumba zenye nafasi wazi zilizotengenezwa ndani ya viwanda na maghala ya zamani, karibu yote husema maneno yaleyale: kuta za matofali yaliyoachwa wazi, boriti za mbao za kale, nguzo za chuma, madirisha yanayofika darini, mtaa wenye historia. Kizuri hakikosi ila, na kwenye lofti ila huwa imejificha ndani ya uzuri wenyewe. Tofali lililoachwa wazi ni ukuta usio na kinga ya baridi wala joto. Boriti ya kale inabeba sakafu inayokuletea kila hatua ya jirani wa juu. Dirisha kubwa mara nyingi lina kioo kimoja chembamba na fremu inayoliwa na kutu. Mtaa wenye historia una ofisi ya uhifadhi itakayoamua hata rangi ya mlango wako wa nje.

Usikimbie kwa sababu hizo. Mimi naona lofti nzuri ni kati ya nyumba bora kuishi ndani ya jiji. Ila kila sifa iliyomo kwenye tangazo ina bili yake, na mnunuzi makini huitafuta bili hiyo kabla hajasaini chochote. Mwongozo huu unakupeleka hatua kwa hatua, kwa mpangilio ambao mambo ya kuvunja mpango yanatangulia na ya kupamba yanafuata.

Hatua ya 1: Hakikisha jengo linaruhusiwa kukaliwa na watu

Hili linawashangaza wengi. Mtu anaulizia marumaru ya jikoni kabla ya kuuliza kama sheria inaitambua nyumba hiyo kuwa makazi.

Chanzo chake ni historia. Lofti za kwanza zilizopata umaarufu zilikuwa New York, mtaa wa SoHo, kwenye majengo ya viwanda na maghala ya karne ya 19 yenye nyuso za chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Viwanda vilipoondoka, wasanii wakaingia miaka ya 1950 na 1960 kutafuta nafasi, mwanga na kodi ndogo, na wengi wao wakaishi humo kinyume cha sheria. Mwaka 1971 jiji liliwaruhusu wasanii waliothibitishwa rasmi kuishi na kufanya kazi humo. Mwaka 1973 mtaa ukatangazwa eneo la kihistoria, na mwaka 1982 jimbo likatunga sheria ya lofti ili kuwalinda wapangaji wa majengo yaliyogeuzwa makazi bila vibali. Wakati huohuo bei zilipanda mpaka wasanii wenyewe wakashindwa. Matokeo yake, nyumba nyingi ziliuzwa kwa matajiri huku makaratasi yakiendelea kusema ni makao ya wasanii, na jiji likalazimika kupitisha mpango mpya wa matumizi ya ardhi mwaka 2021.

Mambo ya namna hiyo hutokea popote ghala au kiwanda kinapogeuzwa nyumba. Kwa hiyo kabla ya kutembelea mara ya pili, omba nakala za:

- kibali cha kubadili matumizi kutoka kiwanda, ghala au ofisi kuwa makazi;
- cheti cha ukaaji kilichotolewa baada ya ukarabati;
- michoro iliyoidhinishwa ya nyumba yenyewe, pamoja na ile ya jengo zima.

Kisha ingia na ule mchoro mkononi, ulinganishe chumba kwa chumba. Je, bafu la pili limo? Ukuta unaotenganisha chumba cha kulala upo kwenye mchoro? Mezanini, ile ghorofa ndogo inayoning'inia ndani ya chumba kikubwa, imechorwa kama mahali pa kulala au kama stoo? Stoo iliyowekwa kitanda kwa ajili ya picha za tangazo haigeuki chumba cha kulala. Ukiona maneno kama "studio ya kazi" au "matumizi mchanganyiko", simama hapo hapo umwite wakili. Benki inaweza kukataa kukukopesha, bima inaweza kugoma kulipa, na siku ukitaka kuuza, mnunuzi wako atakuuliza maswali haya haya.

Hatua ya 2: Jua unamiliki nini hasa

Mtu anaposema "nimenunua lofti" anaweza kuwa na maana tatu tofauti.

Ya kwanza, anamiliki nyumba yake kwa hati yake mwenyewe, pamoja na sehemu ya vitu vya pamoja kama paa, ngazi, lifti na kuta za nje. Ya pili, hamiliki nyumba bali hisa katika ushirika unaomiliki jengo zima, na hisa hizo ndizo zinazompa haki ya kukaa. Huu umezoeleka sana New York, na huko bodi ya ushirika inaweza kukukataa hata kama fedha unayo mkononi. Ya tatu, anamiliki haki ya kukaa kwa miaka kadhaa tu huku jengo au ardhi ikiwa ya mtu mwingine, kama ilivyo kwa fleti nyingi za Uingereza na Wales. Hapo swali la kwanza ni miaka mingapi imebaki. Ikishuka chini ya 80, benki nyingi huanza kusita.

Wakili achunguze pia kwenye masjala ya ardhi kama jina la muuzaji ndilo lililoandikwa, kama kuna rehani, zuio la mahakama au haki ya mtu kupita. Kazi hii haichukui muda mrefu wala haigharimu sana, na hakuna sababu yoyote ya kuiruka.

Hatua ya 3: Soma jengo kabla ya kusoma nyumba

Dalali atakupandisha moja kwa moja hadi kwenye sebule yenye mwanga. Mshukuru, halafu umwambie ungependa kuanzia chini.

Anza nje, ng'ambo ya barabara, ukitazama ukuta mzima kwa mkupuo mmoja. Tafuta nyufa zinazopanda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, hasa zile zilizo pana juu kuliko chini, kwa kuwa huashiria msingi unaotitia upande mmoja. Tazama kama ukuta umetuna. Angalia mistari ya majimaji na ukijani chini ya mifereji ya paa. Ukuta ukiwa na alama hizo, maji yamekuwa yakishuka hapo kwa miaka.

Kisha sogea karibu uangalie viungo vya matofali. Majengo mengi ya karne ya 19 yalijengwa kwa chokaa, ambayo ni laini na inaruhusu unyevu utoke ukutani kupitia kwenye viungo. Mafundi wa baadaye, kwa nia njema, waliviziba viungo hivyo kwa saruji ngumu. Unyevu ukikosa njia hupitia kwenye tofali lenyewe, na tofali la kale huanza kumeguka uso kama mkate uliokauka. Ukiona matofali yaliyoliwa huku viungo vya kijivu vimetokeza nje, umeshapata moja ya bili kubwa za jengo hilo: kukwangua saruji yote na kurudishia chokaa, ukuta mzima, kwa mikono ya fundi anayeijua kazi.

Shuka chini ya jengo ikiwa kuna sehemu ya chini ya ardhi. Harufu pekee inakueleza mengi. Tazama ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, maana ndipo kuoza kunapoanzia: ukuta wa nje unalowa, na ncha ya mbao iliyofukiwa humo haipati hewa. Fundi mwenye kipima unyevu atakupa jibu kwa dakika chache. Mbao ikiwa na unyevu unaozidi asilimia 20 kwa muda mrefu iko kwenye hatari ya kuoza. Wadudu wa mbao nao huacha unga na matundu. Choma kwa ncha ya bisibisi uone kama inazama.

Nguzo za chuma nazo zinahitaji jicho la mtu anayejua. Chuma cha kusubu, kilichotumika sana kabla chuma cha kisasa hakijaenea, hubeba vizuri sana mzigo unaokandamiza, lakini ukikipinda au kukivuta hakitoi onyo, huvunjika ghafla. Kikipata moto mkali kisha kikamwagiwa maji ya baridi, kinaweza kupasuka. Chuma cha kisasa kisichokingwa kwa upande wake hupoteza karibu nusu ya nguvu kikifika nyuzi joto kati ya 550 na 600 za Selsiasi. Ajabu ni kwamba boriti nene ya mbao, ambayo watu huiogopa, hutulia kuliko vyote viwili: huungua nje kwa chini ya milimita moja hivi kwa dakika, na makaa yanayojitengeneza juu yake huukinga moyo wa mbao. Kwa hiyo uliza nguzo zimekingwa vipi dhidi ya moto. Nguzo nyeusi tupu inayopendeza kwenye picha inaweza kuwa imepakwa rangi maalumu inayofura kwa joto, au inaweza kuwa haina kinga yoyote. Kwa macho huwezi kutofautisha, omba cheti.

Juu ya paa panda mwenyewe kama unaruhusiwa. Ukinunua ghorofa ya mwisho, hili ni lazima, kwa kuwa wewe ndiye utakayelowa kwanza.

Hatua ya 4: Ajiri mhandisi wako

Usitumie ripoti ya muuzaji, hata iwe na mihuri mingapi. Tafuta mhandisi wa miundo aliyewahi kushughulikia majengo ya viwanda ya kale. Aliyezoea maghorofa mapya ya zege anaweza kukuandikia ripoti nene isiyogusa pale panapouma.

Mpe maswali yaliyoandikwa. Sakafu ilijengwa kubeba mzigo gani? Mara nyingi jibu litakufurahisha, maana sakafu iliyobeba mashine au marobota haitashindwa na maktaba yako. Nani alikata boriti au kutoboa ukuta wakati wa kugeuza jengo kuwa makazi, na hesabu za kazi hiyo ziko wapi? Mezanini imening'inizwa kwenye nini? Lofti nyingi zimeongezewa mezanini na mmoja wa wamiliki waliotangulia, kwa fundi wa mtaani, bila mhandisi wala kibali.

Aongozane na mtu wa umeme na mtu wa mabomba. Wapime kama kila soketi ina waya wa ardhi, wakadirie umri wa nyaya, na waseme kama mabomba ya maji ni ya risasi au ya chuma kilichojaa kutu. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi pia: Marekani ilipiga marufuku rangi ya aina hiyo kwenye makazi mwaka 1978, na kwa nyumba zilizojengwa kabla ya hapo muuzaji anatakiwa kueleza anachokijua. Asbesto ilifungiwa kabisa nchini Uingereza mwaka 1999 tu, kwa hiyo hata jengo lililokarabatiwa miaka ya 1980 linaweza kuwa nayo kwenye vifuniko vya mabomba, vigae vya sakafu au bodi za dari. Ikiwa imetulia na haijavunjika, mara nyingi huachwa ilipo. Tatizo linakuja siku utakapotaka kuvunja ukuta.

Hatua ya 5: Pima mwenyewe

Chukua futi ya leza, pima kila chumba, na uandike kimo cha dari kila mahali. Hapa ndipo matangazo ya lofti yanapotia chumvi kupita kiasi.

Chukua mfano wa tangazo linalosema mita za mraba 140. Ukipima unakuta sakafu kuu ni mita 105, na mezanini ni mita 35 ambayo mtu mzima hawezi kusimama wima. Umeambiwa bei ya mita 140. Unapata mita 105 na darini pa kuhifadhia masanduku. Ufaransa ina sheria nzuri juu ya hili, iliyotungwa Desemba 1996: kwenye jengo linalomilikiwa kwa sehemu, eneo linalohesabiwa ni lile tu lenye kimo cha angalau mita 1.80, na likigundulika kuwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 5 ya lililoandikwa, mnunuzi anaweza kudai apunguziwe bei, mradi asipitishe mwaka mmoja. Hata kama uko mahali pasipo na sheria ya namna hiyo, kipimo hicho cha mita 1.80 ni kizuri kukitumia kwenye hesabu zako.

Ukishapata mita halisi, gawanya bei kwa mita hizo na ulinganishe na nyumba nyingine zilizouzwa karibuni mtaani hapo. Zilizouzwa, narudia. Bei za matangazo ni matumaini ya wauzaji.

Hatua ya 6: Ishi humo kwa saa chache

Rudi usiku. Rudi siku ya mvua. Rudi mwisho wa wiki, maana mitaa ya kale ya jiji ndiyo yenye baa, mikahawa na watalii, na mawe yale mazuri ya barabarani hupiga kelele ya kutisha gari la taka linapopita alfajiri.

Ndani, kelele ni za aina mbili na dawa zake ni tofauti. Sauti za hewani, kama maongezi na muziki, hupunguzwa na uzito wa ukuta na kuziba mianya. Sauti za kugonga, kama hatua na viti vinavyoburutwa, hupita ndani ya mbao zenyewe, na sakafu nyingi za viwanda vya kale ni mbao nene zilizopigiliwa juu ya boriti bila kitu chochote katikati. Kuzizuia ipasavyo huhitaji kuinua sakafu ya jirani wa juu au kuteremsha dari yako na kuzifunika boriti ulizozilipia. Omba basi rafiki yako apande juu atembee na viatu vigumu huku wewe umekaa chini kimya. Jirani akikubali, umeshamjua pia ni mtu wa namna gani.

Kuhusu joto na baridi, fanya hesabu ndogo. Nyumba ya mita za mraba 100 yenye dari ya mita 2.5 ina hewa ya mita za ujazo 250. Dari ikiwa mita 4, hewa ni mita za ujazo 400, na yote hiyo utailipia kuipoza au kuipasha. Hewa moto hupanda, kwa hiyo aliyelala mezanini huchemka wakati aliyekaa sebuleni anatafuta sweta. Kioo kimoja hupitisha joto mara mbili au zaidi ya kioo cha tabaka mbili. Omba bili za nishati za miezi 12, zile zenyewe, usikubali makadirio ya mdomo.

Madirisha ya ubavuni yachunguze kwa namna ya pekee. Ukuta wa ubavuni ukiwa umekaa juu kabisa ya mpaka wa kiwanja, jirani anaweza kuwa na haki ya kujenga na kuyaziba madirisha yako yote ya upande huo. Jengo dogo la ghorofa moja pembeni yako, au eneo la kuegesha magari, linakupa mwanga wa bure leo, na siku mwekezaji akilinunua utabaki na ukuta mtupu. Nenda ofisi ya mipango miji uulize nini kinaruhusiwa kujengwa hapo na kama kuna ombi lililokwisha kuwasilishwa.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni moto. Lofti ni chumba kimoja kikubwa, jiko chini na kitanda juu. Moshi hupanda. Anayelala mezanini huwa wa kwanza kufikiwa na moshi na wa mwisho kuufikia mlango, kwa kuwa ngazi yake hushukia jikoni. Hakikisha kuna ving'amuzi vya moshi vilivyounganishwa, njia ya pili ya kutokea au vinyunyizio vya maji, na kwamba ngazi za jengo zimetengwa kwa milango inayohimili moto. Hapa mimi sina mjadala: mezanini ya kulala isiyo na kinga yoyote ni sababu ya kuachana na nyumba, au kuinunua kwa bei isiyoihesabu mezanini hiyo kabisa.

Hatua ya 7: Fungua vitabu vya jengo

Omba kumbukumbu za mikutano ya wamiliki za miaka mitatu iliyopita, mahesabu yaliyokaguliwa, hali ya mfuko wa akiba, orodha ya wasiolipa ada, kesi zilizopo na ripoti za ukaguzi wa jengo. Soma kumbukumbu za mikutano kwa utulivu kuliko vyote. Mahali ambapo neno "paa" au "lifti" linajirudia mkutano baada ya mkutano bila uamuzi, ndipo gharama yako ijayo ilipolala.

Tarehe 24 Juni 2021, sehemu ya jengo la Champlain Towers South huko Surfside, Florida, iliporomoka usiku na kuua watu 98. Halikuwa jengo la kale. Lilikuwa na miaka 40 hivi. Mwaka 2018 mhandisi alikuwa ameandika juu ya uharibifu mkubwa wa zege na kasoro ya kuzuia maji. Wamiliki walivutana kuhusu fedha, na mchango wa ukarabati wa takribani dola milioni 15 ukapitishwa Aprili 2021, wiki chache kabla ya maafa. Mwaka uliofuata Florida ilitunga sheria ya kulazimisha ukaguzi wa majengo ya namna hiyo na akiba ya ukarabati. Ripoti ilikuwepo muda wote. Mnunuzi aliyeiomba na kuisoma alikuwa na taarifa ambayo ukumbi wenye vioo haukuweza kumpa.

Fanya hesabu ya sehemu yako. Jengo la lofti mara nyingi lina wamiliki wachache, pengine 10 au 12, na huo ndio ugumu wake: lifti mpya au ukuta wa mbele unaohitaji ukarabati hugawanywa kwa watu wachache. Kama hisa yako ni asilimia 9, basi utalipa asilimia 9 ya kila kitu, na ada ndogo ya kila mwezi iliyotajwa kwenye tangazo inaweza kumaanisha tu kwamba hakuna anayeweka akiba. New York, majengo yenye zaidi ya ghorofa sita hulazimika kukaguliwa nyuso za nje kwa vipindi vilivyowekwa na sheria. Uliza kwenu sheria inasemaje na ukaguzi ujao ni lini.

Lifti inastahili swali lake. Majengo mengi ya aina hii bado yana lifti ya mizigo ya zamani, na watu huipenda kwa historia yake: lifti ya kwanza ya abiria ya kibiashara iliwekwa mwaka 1857 na kampuni ya Otis katika jengo la Haughwout lenye nyuso za chuma, hapo hapo SoHo. Lakini vipuri vya lifti kongwe hutengenezwa kwa oda, na mlango wa kuvuta kwa mkono hauwezi kumsaidia mgonjwa saa nane za usiku.

Hatua ya 8: Jua mtaa wa kihistoria unakukataza nini

Nenda kwenye ofisi ya uhifadhi na uulize jengo limewekwa daraja gani na ulinzi unafika wapi. Mahali pengine ni uso wa nje tu. Pengine ni hadi ndani: Uingereza, jengo likiorodheshwa, ulinzi huhusu ndani na nje, na kubadilisha bila idhini ni kosa la jinai. Kuna mtego mkubwa zaidi hapo. Mwenye nyumba wa zamani akiwa ameng'oa madirisha ya asili bila idhini, mamlaka inaweza kukuamuru wewe uliyenunua uyarudishe, hata ikiwa ni miaka mingi baadaye. Ndiyo maana unadai karatasi ya idhini ya kila badiliko unaloliona.

Kama shida yako ni baridi au kelele na kioo cha tabaka mbili kimekatazwa, ulizia dirisha la pili la ndani, linalowekwa nyuma ya lile la asili bila kuligusa. Ofisi nyingi hulikubali, na kwa kelele hufanya kazi nzuri ajabu kwa sababu ya nafasi pana kati ya vioo.

Uliza pia kuhusu kupangisha kwa siku chache. Mitaa mingi ya kale imeweka vizuizi, na kanuni za jengo zinaweza kukataza hata pale jiji linaporuhusu. Usinunue kwa hesabu za watalii kabla ya kuiona kanuni hiyo kwa maandishi.

Hatua ya 9: Tengeneza bei yako

Sasa kaa chini na karatasi. Anza na mita halisi za Hatua ya 5 mara bei ya mauzo ya karibuni mtaani. Toa sehemu yako ya ukarabati unaokuja, kama ulivyoona kwenye mikutano na ripoti ya mhandisi. Toa gharama za kurekebisha vibali, ukiweka na muda wa kusubiri. Toa umeme, mabomba na madirisha. Ongeza kidogo kwa vile visivyoweza kutengenezwa upya: mwanga wa pande mbili, kimo cha kweli, boriti za asili ambazo hakuna aliyezitoboa, ghorofa ya juu yenye paa zima.

Jiko la kifahari usililipie sana. Makabati ya kupendeza na mashine za chapa kubwa huchakaa, na ladha hubadilika. Muuzaji aliyeweka vitu hivyo mwezi mmoja kabla ya kuuza anataka urudishe gharama yake mara mbili. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, kwa hiyo uliza nyumba imekaa sokoni muda gani na bei imeshushwa mara ngapi.

Peleka ofa yako ikiwa imeambatana na sababu zilizoandikwa. Ripoti ya mhandisi yenye namba hupunguza bei kuliko maneno matamu yote. Na kama unakopa, mthamini wa benki aingie mapema, kwa sababu baadhi ya benki huzihesabu lofti kuwa mali isiyo ya kawaida na kudai malipo ya awali makubwa zaidi.

Hatua ya 10: Mkataba na arubuni

Arubuni, yaani malipo ya awali ya kuthibitisha nia ya kununua, ilipwe kwenye akaunti ya amana ya wakili au ya mtu wa kati anayetambulika kisheria, kamwe isiende mfukoni mwa muuzaji wala dalali. Kabla ya kutuma fedha, mpigie wakili kwa namba unayoijua tangu mwanzo uthibitishe namba ya akaunti, hata kama umeletewa barua pepe inayofanana na yake. Wezi wa barua pepe hupenda sana wiki hii ya mwisho.

Mkataba useme wazi kwamba ununuzi utakamilika iwapo tu mkopo utapitishwa, cheti cha ukaaji kitapatikana, na bodi ya wamiliki itatoa idhini pale inapohitajika. Uandikwe nani analipa mchango wa ukarabati uliopitishwa kabla ya mauzo ila haujakusanywa. Kifungu hiki husahaulika mara nyingi, na ndicho kinacholeta ugomvi. Orodhesha vitu vinavyobaki: taa, jiko, milango ya chuma ya kuteleza, ile mashine ya zamani iliyowekwa pambo sebuleni.

Siku ya kukabidhiwa, kagua tena nyumba ikiwa tupu. Samani zikiondolewa hujitokeza madoa ya unyevu nyuma ya makabati na nyufa nyuma ya michoro mikubwa. Fungua maji yote, washa kila kitu, piga picha za mita, kisha ndipo usaini.

Hatua ya 11: Miezi ya kwanza

Bima ikatwe kwa gharama ya kujenga upya, ambayo kwa jengo la kale inaweza kuzidi bei uliyolipa, maana matofali ya aina ile na mafundi wa aina ile ni adimu. Mweleze mwenye bima ukweli wote kuhusu umri wa jengo na mbao zake.

Usianze kuvunja. Kaa angalau msimu mmoja wa mvua na mmoja wa joto kabla ya kuamua ukuta gani utoke na dirisha gani lizibwe. Weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha za kila ufa, uzipige picha, na baada ya miezi sita urudi na rula. Ufa uliotulia unazibwa kwa chokaa; unaoendelea kufunguka, mpigie mhandisi kabla ya kumpigia mpaka rangi.